Hasira Iliyokuwa Huzuni: Asili na Maana za Maneno ya Hisia, kutoka Mchesi hadi Dzaleka

Utangulizi

Wahenga walisema hasira hasara. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali hii, na wengi hudhani kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja kwa jinsi yanavyofanana. La hasha. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. “Hasara” imetokana na “khasara”, yaani kupoteza mali au faida. “Hasira” imetokana na “hasra”, na hasra ya Waarabu si ghadhabu hata kidogo. Ni huzuni na majuto, ule uchungu wa mtu anayeugulia kitu kilichompita. Mwarabu akitaka kutaja hasira yetu husema “ghadhab”, neno ambalo nasi tumelipokea tukaliita ghadhabu. Kwa hiyo neno hili liliondoka kwao likiwa huzuni, likafika pwani yetu likakunja uso.

Makala haya yanauliza swali moja tu: tukishajua asili ya neno la hisia, tumejua nini? Jibu langu ni kwamba tumejua nusu ya jambo, na pengine robo. Asili hutueleza neno lilikotoka. Haitupi ruhusa ya kudai kwamba hiyo ndiyo maana yake leo. Kasoro ya kuchanganya mambo haya mawili imejaa katika kazi za wanafunzi wetu, na huku ninakoandikia inaweza kumgharimu mtu zaidi ya alama za mtihani.

Kiswahili cha Mchesi na Dzaleka

Wasomaji wengi wa jarida hili wako mbali na Malawi, kwa hiyo ni vyema nieleze kidogo. Mchesi ni mtaa wa jiji la Lilongwe, wenye watu wengi na biashara nyingi ndogondogo. Dzaleka ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa jiji. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia miaka ya 2020 walikuwa zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Katika kambi hiyo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasioelewana kwa lugha za nyumbani, na wakimbizi waliofungua maduka mjini walikileta Mchesi pamoja na bidhaa zao. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo maduka yao mengi yalifungwa.

Kiswahili hakikuingia nchi hii na wakimbizi pekee. Tangu miaka ya 1840 hivi Nkhotakota, kando ya ziwa, palikuwa na makazi ya Waswahili chini ya watawala walioitwa Jumbe. Hata hivyo Kiswahili cha leo cha Mchesi na Dzaleka kina sura yake. Kimekaa katikati ya Kichewa, Kirundi, Kinyarwanda na lugha za Kivu, ambazo zote ni ndugu zake wa Kibantu. Ndiyo maana ni mahali pazuri pa kuyapimia maneno ya hisia.

“Neno hili ni la Kiarabu”

Mpe mwanafunzi kazi ya kueleza neno “huzuni”, naye ataandika: neno hili ni la Kiarabu, maana yake ni majonzi. Kisha huweka nukta. Ukimpa “furaha”, “hofu”, “shauku”, “aibu” au “raha”, utapata sentensi ileile. Ni kweli kwamba majina mengi ya hisia katika Kiswahili yametoka Kiarabu. Tatizo ni yale yanayojengwa juu ya ukweli huo.

Wapo wanaosema kwamba basi Waswahili walikopa hata hisia zenyewe, kana kwamba mtu wa pwani hakujua kufurahi mpaka jahazi lilipotia nanga. Wengine, kwa kuona aibu (ambayo nayo ni ya Kiarabu), huhangaika kulitafutia kila neno mzizi wa Kibantu hata kwa nguvu. Pande zote mbili zimeshika kosa moja, yaani kudhani kwamba asili ya neno ndiyo hati ya kumiliki hisia.

Tukitazama vitenzi tunapata picha nyingine. Penda, chukia, ogopa, nuna, shangaa na cheka ni vya Kibantu. Tena majina mengi ya mkopo hayakukuta nyumba tupu. Yalikuta wenyeji wakakaa nao. Woga ulikuwapo, hofu ikaja. Soni ilikuwapo, ikaja haya, ikaja na aibu. Mapenzi yalikuwapo, yakaja mahaba na huba. Hakuna lililofukuza jingine, yaligawana kazi. “Mahaba” yalibaki chumbani na katika ushairi, ilhali “mapenzi” yaliendelea kubeba hata maana ya hiari na matakwa, kama tunaposema jambo fulani ni mapenzi ya Mungu. Kutokana na mzizi huohuo wa -penda, kiambishi cha u- kilitoa “upendo”, ambao wafasiri wa Biblia waliutumia kwa ule wema wa mtu kwa jirani yake. Mzizi ni mmoja, ngeli ni mbili, na wala huwezi kumwambia mchumba wako “upendo” mahali pa “mapenzi” bila kusikika kama mhubiri.

Maneno ya mkopo nayo hayakubaki kama yalivyokuja. Hasira tumeiona. Tazama sasa “hamu”. Kwa Waarabu “hamm” ni mzigo wa mawazo, shughuli inayomkosesha mtu usingizi, na katika tungo za zamani za pwani hamu bado ilikuwa jirani wa majonzi. Leo mtu akisema ana hamu ya kukuona, unafurahi. Njia ya badiliko hili inaweza kukisiwa, kwani mzizi huohuo wa Kiarabu una pia maana ya kukusudia jambo, na mwenye kukusudia sana hana utulivu mpaka alipate. “Raha” kwao ni mapumziko; kwetu imekuwa starehe na furaha ya mwili. “Wasiwasi” kwao ni mnong’ono, hasa ule wa Shetani masikioni mwa mja; kwetu ni mashaka ya aina yoyote, hata ya kuchelewa basi. Anayeishia kusema “ni neno la Kiarabu” ameiacha hadithi yote hii mlangoni.

Moyo, mtima na hatari ya ndugu wanaofanana

Kasoro ya pili ni ya wale wanaolinganisha lugha za Kibantu kwa macho tu. Hapa Lilongwe kishawishi chake ni kikubwa, kwa sababu Kichewa na Kiswahili hufanana kila baada ya maneno machache.

Kwa Kichewa “kukonda” ni kupenda. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ni “gukunda”. Kwa Kiswahili “kukonda” ni kupungua mwili. Darasani jambo hili huleta kicheko, na hakosekani mwanafunzi wa kueleza kwamba wahenga walijua mapenzi humkondesha mtu. Ni maelezo matamu, lakini si kweli. Kichewa nacho kina neno lake la kupungua mwili, nalo ni “kuonda”. Huyo ndiye ndugu wa kukonda kwetu. “Kukonda” ya Kichewa ina ukoo mwingine, na ndani ya ukoo huo mna “chikondi”, yaani upendo, na “kukondwa”, yaani kufurahi. Sadfa ya sauti si ushahidi wa asili.

Mfano wa “moyo” ni mzito zaidi. Kwa Kiswahili moyo ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia: tunavunjika moyo, tunatiana moyo, tuna moyo mgumu au mweupe. Kwa Kichewa “moyo” ni uhai, na kiungo pamoja na makao ya hisia ni “mtima”, kama vile Warundi na Wanyarwanda wanavyosema “umutima”. Kiswahili pia kinalo neno mtima, ila limebaki zaidi katika ushairi. Sasa angalia matokeo yake. Mchewa akisema mtu “wataya mtima”, ana maana kwamba amekata tamaa. Akisema “wataya moyo”, mtu huyo amepoteza uhai. Mkalimani anayetegemea kufanana kwa sura anaweza kumzika mtu aliyekuwa amekata tamaa tu, au akamfufua marehemu akasema amevunjika moyo.

Soni, haya, aibu na chisoni

Katika maneno yote ya hisia ninayoyakuta hapa, hakuna linalonifundisha kama “soni”. Ni neno la kale la Kibantu, na maana yake kwa Kiswahili ni haya au aibu. Vijana wengi wa mijini hawalijui tena. Lakini Mkongo anayesema Kilingala analo: “nsoni”. Mnyarwanda na Mrundi wanalo: “isoni”. Mganda analo: “ensonyi”. Wote hao wanazungumzia kuona haya. Ukifika kwa Wachewa unakuta “chisoni”, wenye mzizi wa sura hiyohiyo, lakini chisoni si haya. Ni huzuni, na pia huruma. Haya ya Kichewa ni “manyazi”.

Kwa hiyo mama wa Kichewa pale Mchesi akimwambia jirani yake mkimbizi kwamba anamsikitikia, akataja “chisoni”, jirani huyo anaweza kusikia neno la kwao na kudhani anaambiwa habari za aibu. Mmoja ametoa pole, mwingine amepokea tusi, na hakuna aliyekosea katika lugha yake. Kwa mtu wa asili, mzizi ni mmoja na kazi imekwisha. Kwa mtu wa maana, kazi ndiyo kwanza inaanza: ilikuwaje mzizi mmoja ukazaa haya huku na huruma kule? Pengine ni kwa sababu hisia zote mbili humwinamisha mtu macho. Hilo ni wazo langu tu, nami ningependa mwanafunzi wa uzamili alifanyie utafiti badala ya kuandika tasnifu nyingine ya kuhesabu maneno ya mkopo.

Ndani ya Kiswahili chenyewe nako mgawanyo ni mzuri. Haya ni ya ndani, na mwenye haya husifiwa, kwa maana anajizuia kabla ya kutenda. Aibu huja kutoka nje. Humpata mtu baada ya jambo kujulikana, nayo yaweza kuwapata hata ndugu zake wasio na hatia. Ndiyo maana tunasema fulani ametutia aibu, wala hatusemi ametutia haya kwa maana hiyohiyo. Kusema “haya ni aibu na aibu ni haya” ni kumzungusha msomaji kwenye mduara.

Tuvitazame pia vitenzi vinavyobeba hisia hizi. Kiswahili cha pwani huziona: kuona haya, kuona wivu, kuona huruma, kuona uchungu. Mkongo wa Kivu aghalabu huzisikia: kusikia haya, kusikia huruma. Mchewa naye husema “kumva chisoni”, na kumva ni kusikia. Mwalimu anayemkata alama mwanafunzi kutoka Dzaleka kwa kuandika “nilisikia haya” anapaswa kujiuliza kwa nini yeye mwenyewe husikia njaa na kusikia baridi bila kukatwa chochote. Usanifu una mahali pake, na mwanafunzi lazima aujue. Lakini ni jambo moja kumwambia kwamba sanifu ni “kuona haya”, na ni jambo jingine kumwambia kwamba hajui Kiswahili.

Hofu mbele ya afisa

Sasa nifike pale ambapo jambo hili linatoka darasani. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi umejengwa juu ya hisia moja. Mkimbizi, kwa mujibu wa mkataba huo, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, kundi lake au maoni yake ya kisiasa. Malawi ilijiunga na mkataba huo mwaka 1987, ikiweka masharti yake, na mwaka 1989 ikatunga sheria ya wakimbizi. Hivyo mtu anapohojiwa ili apewe hadhi ya ukimbizi, neno linalotafutwa katika maelezo yake ni hofu.

Lakini mtu huyo hakusoma mkataba. Anasema kwa maneno aliyo nayo. Chukua mfano wa Mrundi ambaye kwa lugha yake hisia hii inaitwa “ubwoba”. Akitafuta Kiswahili chake, neno la karibu kwa sura ni “woga”. Atasema: “Nilikuwa na woga, nikatoroka.” Kwa Kiswahili sanifu woga na hofu hukutana, ila woga umeegemea upande wa tabia. Mwoga ni mtu anayelaumiwa, na askari mwoga si sawa na askari aliyeingiwa na hofu. Mkalimani aliyelelewa na Kiswahili cha pwani akiusikia woga huo kama udhaifu wa nafsi, atapeleka kwa afisa picha ya mtu mwepesi wa kutishika, mahali palipokuwa na mtu aliyetishwa kweli.

Au chukua “uchungu”. Mama anaeleza jinsi mwanawe alivyouawa, kisha anasema: “Nina uchungu mpaka leo.” Uchungu ni ladha ya dawa ya mwarobaini, ni maumivu ya kuzaa, ni huzuni, na ni ghadhabu ya mtu aliyedhulumiwa. Tunasema pia kwamba fulani ana uchungu na nchi yake, yaani anaipenda hata inamuuma. Wahenga walipotuambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, waliziweka zote hizo ndani ya neno moja. Mkalimani analazimika kuchagua. Akichagua hasira, mama anaonekana mtu wa kisasi. Akichagua maumivu, afisa anaweza kuuliza kama amekwenda hospitali. Hapo asili ya neno haimsaidii mkalimani sana. Kinachomsaidia ni kumsikiliza mama kwa makini, na pale anaposhaka, kumwomba afisa ruhusa ya kuuliza: “Mama, uchungu huo ukoje?”

Wanafunzi wetu ndio watakaokalia viti hivyo vya ukalimani. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na kazi za namna hiyo zitaongezeka. Mwanafunzi anayejua kwamba hofu ni “khawf” ya Kiarabu, lakini hajui tofauti ya hofu, woga na wasiwasi katika kinywa cha mtu wa Bujumbura, Uvira au Tanga, tumemfundisha nusu.

Tumaini

Nimalizie na neno ambalo Dzaleka imelifanya lijulikane mbali. Mwaka 2014 mshairi kutoka Kongo aliyekuwa mkimbizi kambini humo, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye pia kama Menes la Plume, alianzisha tamasha la muziki na sanaa ndani ya kambi, akaliita Tumaini. Hakuliita kwa Kifaransa wala kwa Kichewa. Alichagua neno la Kiswahili, ambalo Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wote wangelipokea.

Tumaini limetokana na “tumaanina” ya Kiarabu, ambayo ni utulivu wa moyo uliopata uhakika. Mwenye tumaini kwa asili ya neno ni mtu aliyetua. Jirani yake kwa sauti ni “tamaa”, kutoka “tamaa” ya Kiarabu yenye maana ya uchu, lakini mizizi ni mbalimbali kabisa. Ajabu ni kwamba mtu wetu akiishiwa tumaini hatusemi amekata tumaini, bali amekata tamaa. Yaani neno tunalolilaani kwa mlafi ndilo tunalolililia kwa mnyonge. Tamaa mbele mauti nyuma, lakini asiye na tamaa kabisa naye ni kama amekwisha.

Wachewa, kwa upande wao, husema “chiyembekezo”, kutoka kitenzi chenye maana ya kungoja. Mwenye tumaini kwao ni anayengoja. Tukiyaweka maneno haya mawili juu ya kambi moja tunaona tofauti. Kiswahili kimempa mkimbizi neno la mtu aliyetulia, nchi aliyomo ina neno la mtu anayesubiri, na wapo waliokaa Dzaleka zaidi ya miaka 20 bila kujua wataondoka lini. Ukimwuliza mkazi wa kambi maana ya tumaini, hatakupa ile ya Kiarabu. Atakupa ile ya Kichewa kwa neno la Kiswahili. Hiyo nayo ni maana, na kamusi zetu zinapaswa kuisikia.

Hitimisho

Sisemi kwamba elimu ya asili ya maneno iachwe. Bila hiyo tusingejua kwamba hasira ilikuwa huzuni, wala tusingeweza kuikataa ile hadithi ya mapenzi yanayokondesha. Ninachosema ni kwamba isiwe mwisho wa kazi. Mwanafunzi anayechambua neno la hisia ajibu maswali matatu: neno limetoka wapi, linaandamana na kitenzi gani na linapingana na neno gani katika matumizi ya leo, na nani analisema, kwa lugha gani nyingine kichwani mwake. Swali la kwanza hujibiwa maktabani. La pili linahitaji sikio. La tatu linahitaji miguu, yaani kwenda sokoni, msikitini, kanisani na kambini kuwasikiliza watu.

Walimu wenzangu, tunapotunga mitihani ijayo, tuache kuuliza “taja maneno 10 ya hisia yenye asili ya Kiarabu”. Tuulize: mama amesema ana uchungu, ana maana gani, na umejuaje?